Tumegombania ‘puku’ na ‘kipanya’, tukasahau ‘tendua’

Majuzi niliketi nyuma ya darasa la utangulizi wa kompyuta katika chuo kimoja eneo la Kisauni. Katikati ya somo, msichana mmoja akapaza sauti: “Mwalimu, kazi yangu yote ishapotea!” Mhadhiri akamtajia, kwa Kiingereza, jina la amri ya kurejesha alichokifuta. Msichana akaliandika daftarini pamoja na fasili yake, kwani litaulizwa kwenye mtihani. Skrini ikabaki tupu. Ndipo jirani yake akamnong’oneza: “Rudisha ulivyokuwa. Bonyeza hivi viwili pamoja.” Kazi ikarudi.

Kasoro hii hata sisi wapenzi wa Kiswahili tumeichangia. Kwa miaka mingi tumezozania nomino: ‘tarakilishi’, ‘ngamizi’ au ‘kompyuta’, ‘puku’ au ‘kipanya’. Mjadala huo una nafasi yake, ila mwanafunzi hashindwi na kompyuta kwa kukosa jina la kifaa. Kipanya amekishika mkononi. Kinachomtatiza ni kitendo: akibonyeza hapa, kutatokea nini?

Na vitenzi tunavyo tele. Chukua ‘tendua’, neno linalotumika katika baadhi ya programu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Limeundwa kwa mnyambuliko ule ule unaogeuza ‘funga’ kuwa ‘fungua’, ‘kunja’ kuwa ‘kunjua’ na ‘bandika’ kuwa ‘bandua’. Shuleni tunaita kauli ya kutendua. Kijana wa Likoni aliyezoea kuambiwa na mamake abandue sufuria hahitaji fasili ndefu ili ajue kwamba alichokitenda kinaweza kutenduliwa. Vivyo hivyo, ‘nakili’ humwambia kwamba asili inabaki mahali pake. ‘Kata’ humwambia kwamba inaondoka.

Wapo watakaouliza: mtihani ni wa Kiingereza, na kompyuta za mwajiri kule Changamwe ni za Kiingereza, sasa faida iko wapi? Sisemi tukitupe Kiingereza. Nasema dhana itangulie, istilahi ya kigeni ifuate. Aliyeelewa kutendua atalishika jina la Kiingereza kwa dakika moja. Aliyekariri jina pekee, kazi itampotea tena, na safari hiyo itakuwa ya mwajiri.

Kisingizio kwamba Kiswahili hakiiwezi teknolojia hakina mashiko. Mwaka wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mhadhiri na wanafunzi wake huzungumza Kiswahili hiki hiki wakivuka feri. Wasikiache mlangoni mwa maabara.