Fumbo la matairi 24: kosa si herufi, ni neno "sawa"

Kwenye foleni ya malori pale Tunduma, kitu ambacho hakuna anayekikosa ni muda. Nilikuwa kwenye banda la chai na madereva wanne na utingo mmoja. Dereva mmoja akatoa simu, akatusomea fumbo alilotumiwa:

"Semi ina taili 22 chini na spea 2. Imetembea kilomita 24,000. Taili zote 24 zimetumika sawa. Kila taili limetembea kilomita ngapi?"

Kabla hata hatujagusa hesabu, vita ikaanzia kwenye herufi. "Taili ziko chooni kwangu," alisema mzee mmoja, "na tangu fundi azibandike hazijatembea hata mita moja. Jibu ni sifuri." Utingo naye hakukubali kupitwa: "Kama ni taili, basi limetembea maili. Tairi ndilo linatembea kilomita." Banda zima likacheka, mwenye fumbo akaambiwa arudi darasa la kwanza.

Tuwe wa haki hapa. Kuandika "taili" badala ya "tairi" hakubadilishi jibu hata kwa mita moja. Na wala sisi si wa kwanza kugombana. Waingereza wanaandika "tyre", Wamarekani "tire", na zamani huko Uingereza kwenyewe maandishi yote mawili yalitumika. Kiswahili kilichukua sauti tu kikaendelea na safari. Hata utani wa utingo wa maili na kilomita una ukweli ndani yake. Soma ubavu wa tairi la lori: 295/80 R22.5. Hiyo 295 ni upana kwa milimita, 80 ni asilimia ya huo upana inayokupa kimo cha ubavu, na 22.5 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Vipimo vya nyumba mbili vinaishi kwenye mpira mmoja, na lori linatembea.

Turudi kwenye fumbo. Wengi hukimbilia kugawa 24,000 kwa 24 na kupata 1,000. Si kweli, kwa sababu matairi hayapokezani moja moja, yanakwenda 22 kwa pamoja. Kila kilomita moja ya lori ni kilomita 22 za matairi. Kwa hiyo jumla ya kazi ni 22 mara 24,000, yaani 528,000. Gawa kwa matairi 24 yaliyoshiriki, unapata kilomita 22,000 kwa kila tairi. Yule mzee wa taili za choo alilipata kichwani kabla chai haijapoa. "Kila moja limepumzika safari mbili kati ya ishirini na nne," alisema. Njia yake ni fupi kuliko yangu.

Kama fumbo, basi, ni zuri. Linamfundisha mtu kutenganisha mwendo wa gari na mwendo wa tairi, na halihitaji fomula hata moja. Lingeishia hapo ningelisifu tu na kulala.

Lakini dereva wa pembeni, aliyekuwa kimya muda wote, akasema: "Aliyetunga hilo ni bosi wangu." Tukacheka. Yeye hakucheka. Akaeleza kwamba ofisini kwao kuna daftari: kila tairi jipya linapewa idadi ileile ya kilomita, popote litakapofungwa. Likiisha kashata kabla ya namba hiyo, tofauti inakatwa kwenye posho ya dereva. "Tairi la mwisho la tela likiwahi kuisha, mimi ndiyo mwizi."

Hapo ndipo penye kosa halisi la fumbo, na hakuna aliyelicheka. Ni neno "sawa".

Tela la semi lina ekseli tatu zilizofungwa sambamba. Gari likikata kona, gurudumu huviringika vizuri pale tu ekseli yake inapoelekea kwenye kitovu cha hiyo kona. Ekseli tatu zilizo sambamba haziwezi zote kuelekea nukta moja. Ya kati inaweza kukaribia, lakini ya mbele na ya nyuma yake lazima ziburuzwe kiubavu. Pita kona za Kitonga na mzigo, na kashata zinabaki kwenye lami. Matairi ya difu yana adhabu yake, yanasukuma gari zima mlimani. Yale pacha, moja likipungua upepo, mzingo wake unakuwa mfupi kuliko wa mwenzake, na kwa kuwa yote mawili yamefungwa kwenye habu moja, lazima mojawapo liteleze kidogo kila mzunguko. Huo nao ni mpira unaosagika.

Utasema: si yabadilishwe nafasi tu? Yanabadilishwa, ila si kila tairi linakwenda kokote. Mbele, kwenye usukani, dereva mwenye akili hafungi tairi lililobandikwa ngozi mpya juu ya mwili wa zamani. Na spea mara nyingi ni tairi lililokwisha choka, linasubiri pancha ya mwenzake.

Hata hizo 24,000 zenyewe si za kuaminiwa moja kwa moja. Dashibodi haipimi barabara, inahesabu mizunguko. Tairi jipya la 295/80 R22.5 lina kipenyo cha karibu mita 1.04, hivyo linazunguka kama mara 305 kwa kilomita. Kashata ikisagika sentimita moja, linazunguka kama mara 311. Kama kipimo kiliwekwa kwa matairi mapya, na safari yote ikapigwa na matairi ya difu yaliyosagika hivyo, dashibodi inaongeza kama kilomita 460 ambazo lori halikutembea. Kwenye daftari la bosi, hizo nazo zina mtu wake.

Simlaumu aliyetunga fumbo. Sisi wa fizikia tunafanya hivyohivyo kila siku: tunasema hakuna msuguano, tunasema ng'ombe ni mviringo, halafu tunapata jibu safi. Tofauti ni kwamba tunatakiwa kusema wazi kwamba tumedhani. Kwa hiyo sahihisho langu ni la neno moja. Acha "taili" ibaki ilivyo, lakini mahali palipoandikwa "zimetumika sawa", andika "tuseme zimetumika sawa".

Hilo "tuseme" ndilo linalokosekana kwenye daftari la bosi. Fumbo likikosea, tunacheka na kuagiza chai nyingine. Daftari likikosea, mtu anafika nyumbani na nusu posho.