Wanaoshika Kafi

Malagarasi ni mto usiopenda njia fupi. Mtu wa Kasulu akitaka kufika Ziwa Tanganyika hukata magharibi na kuteremka. Mto unaozaliwa jirani naye, kwenye milima ya mpakani mwa Burundi, kimo cha mita 1,750 hivi, hufanya kinyume. Hukimbilia kwanza kaskazini-mashariki, kwa kilomita 80 hivi ukiwa ndio mpaka wa Burundi na Tanzania, hupokea mto Lumpungu, huingia nchi ya Waha upande wa Kibondo, hugeukia kusini na kutawanyika katika mabwawa ya Moyowosi na Ziwa Nyamagoma. Ndipo huikumbuka magharibi: hupita Uvinza, huporomoka Igamba na kumwaga maji ziwani karibu na Ilagala. Jumla kilomita 475, na ndani yake kuna kila aina ya maji: bonde jembamba lenye mawe, tambarare ya mafunjo isiyo na kingo, na maporomoko yasiyopitika kwa mtumbwi.

Ndiyo maana sijakutana na mtu anayedai kuujua Malagarasi wote. Kila mshika kafi anakijua kipande chake, na anakijua hasa. Ni watu hawa ninaotaka kuwasifu, pamoja na wenzao wa mbali wanaofanya kazi hiyohiyo kwa vyombo vingine: vijana wa Jinja, Uganda, wanaoteremsha wageni kwenye maji makali ya Nile kwa boti za mpira, na wale wa Sagana, Kenya, juu ya mto Tana. Wa Jinja ana kofia ngumu na jaketi okozi, na watalii hupiga picha naye. Wa Kibondo ana upondo mkononi na kaptula yenye tope, na kwa wengi yeye ni mtu wa mtumbwi tu. Kwangu mimi ni mafundi wa ufundi mmoja.

Mtazame mvushaji mwezi wa nne, mto umejaa na maji yamekuwa rangi ya udongo. Haanzii usawa wa mahali anapotaka kufika. Kwanza huupandisha mtumbwi akiambaa na ukingo, ambako maji hayana nguvu, mpaka aipite kwa mbali njia inayoonekana ng'ambo. Hapo ndipo hupakia. Gunia la maharage hukaa katikati, chini kabisa, baiskeli hulazwa, mbuzi hufungwa miguu, watu huketi sakafuni mwa mtumbwi, wala haruhusu mtu kukalia kingo. Nimewahi kumsikia mmoja akimwambia mama aliyebeba mtoto mgongoni, "Mama, mfungue huyo mtoto umpakate." Alisema kwa upole, lakini hakugusa upondo mpaka khanga ilipofunguliwa. Mtumbwi ukipinduka, mtoto aliyefungwa mgongoni huzama na fundo lake.

Kisha huielekeza pua ya mtumbwi juu ya mto, ikiinama kidogo tu upande wa ng'ambo, na kuuacha mkondo wenyewe uwasukume kando. Pua ikilala mno, maji huukamata ubavu na kuupindua mtumbwi. Ikisimama mno, atapiga kafi mpaka achoke wakiwa palepale. Pembe ile haina kipimo. Huipokea kwenye viganja kupitia mpini wa kafi, na huirekebisha kila baada ya mapigo machache, huku akijibu maswali ya abiria kuhusu bei ya mahindi. Penye kiboko hugonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi ili mnyama aliye chini aibuke na kujulikana alipo. Kiboko wa kuogopwa zaidi ni yule ambaye hujui yuko wapi.

Mwongozaji wa Jinja hukaa tezi, nyuma kabisa, na mbele yake kuna watu sita au wanane ambao asubuhi ileile hawakuwa wakijuana. Wengi wao hawajawahi kushika kafi. Hawezi kuwafundisha mto kwa siku moja, kwa hiyo huwafundisha sauti yake: mbele, nyuma, shikeni kamba, chini. Huwapeleka kwanza penye maji matulivu na kuipindua boti makusudi, ili hofu ya kwanza iwapate mahali isipoweza kuua. Huwaambia kwamba atakayeanguka kwenye maji ya kasi alale chali, miguu ikitangulia, vidole vikionekana juu ya maji, wala asijaribu kusimama. Mguu ukinasa kati ya mawe, mkondo humlaza mtu kifudifudi na haumpi nafasi ya kuinuka.

Baada ya hapo kazi ni ya macho. Ulimi laini wa maji wenye umbo la V, ncha ikielekea chini ya mto, ni njia kati ya mawe mawili. V iliyogeuka, ncha ikitazama juu, ina jiwe lililojificha. Nyuma ya jiwe kubwa maji hurudi yalikotoka, na hapo boti hupata pa kupumzika. Ni maji hayohayo yanayorudi ambayo mvushaji wa Malagarasi huyatumia kupandia mto bila kumaliza nguvu. Hawajawahi kuonana wawili hawa, na wangeelewana kwa kunyoosha kidole tu.

Kazi hii ni ya zamani kwetu. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walivuka Malagarasi mwaka 1858 wakielekea Ujiji. Stanley akafuata mwaka 1871, na kitabu chake kimejaa manung'uniko juu ya malipo ya kuvushwa waliyodai Wavinza, wenyeji wa pale. Ninaposoma manung'uniko yale, huwa upande wa Wavinza. Watu wa Stanley walivuka ndani ya mitumbwi. Punda wake aliyeitwa Simba, aliyeogeleshwa kwa kamba, alikamatwa na mamba katikati ya mto. Kilichokuwa kikiuzwa pale kilikuwa kikubwa kuliko nafasi ya kukaa kwenye gogo lililochongwa.

Tena si kila aliyevuka alikuwa na cha kulipa. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 1993, na tena katika machafuko ya 2015, watu wa ng'ambo waliukimbilia mto huu ili waingie Kibondo na Kasulu. Habari za kambi za wakimbizi kama Nduta na Nyarugusu kwa kawaida huanzia kwenye hesabu ya walioandikishwa. Mimi mawazo yangu hurudi nyuma kidogo, ukingoni, kwa yeyote aliyekuwa na mtumbwi usiku huo, mbele yake familia nzima na magodoro, akiamua nani atangulie. Sijaona kitabu kilichoandika majina yao, na hilo linaniuma.

Mito yenyewe inabadilishwa. Bwawa la Bujagali lilifunika maporomoko yaliyokuwa mwanzo wa safari za Jinja, na Isimba, lililozinduliwa 2019, likameza mengine chini yake. Waongozaji wakajifunza upya mto uliofupishwa. Malagarasi nao una mradi wake wa umeme wa megawati 49.5 pale Igamba. Umeme tunauhitaji, na sitaki kuupinga. Ninachoomba ni kwamba wahandisi wanapopima mkondo wawaulize pia wavuvi na wavushaji wa pale.

Lakini sehemu ya ufundi huu ninayoiheshimu kuliko zote ni kukataa. Pale Itanda, kwenye Nile, mwongozaji huwapeleka wageni ukingoni, akawashusha na kuwapitisha kwa miguu juu ya mawe, hata kama wamelipia msisimko na wanaona aibu kutembea. Kwenye Malagarasi mvua ikinyesha milimani na maji yakaanza kuteremsha magogo, mvushaji huuvuta mtumbwi mpaka nchi kavu. Watu wa gulio humzunguka, nyanya zinaharibika, mmoja humwongezea nauli, mwingine humwita mwoga. Huwaambia walale upande huu au wazunguke hadi darajani. Wanaozunguka huondoka na nauli zao mfukoni, na hasara ya siku nzima hubaki kwake peke yake.