Kioo Kipi? Kamera Mbili na Mzigo wa Neno Moja

1. Kusudi la makala

Mtu akitaka kujua kama istilahi za fani fulani zinatosha, njia iliyo fupi ni kuchukua vitu viwili vya fani hiyo vinavyokaribiana na kujaribu kuvilinganisha kwa Kiswahili. Kitu kimoja chaweza kutajwa kwa miaka mingi bila upungufu wa jina lake kuonekana, kwa kuwa macho na mikono humsaidia msemaji pale maneno yanaposhindwa. Lakini anapotakiwa kueleza kwa maandishi ni wapi kitu hiki kinakizidi kile, na ni wapi kinazidiwa, msaada huo huondoka na maneno hubaki peke yake.

Makala haya yanafanya jaribio hilo kwa kamera mbili za dijitali zilizotengenezwa na kampuni za Kijapani. Ya kwanza ni Canon EOS 300D, iliyotolewa mwaka 2003. Hii ni kamera yenye kioo cha kuakisi ndani yake, na lenzi yake hubadilishwa. Ya pili ni Sony RX100, iliyotolewa mwaka 2012. Hiyo ni kamera ya kutiwa mfukoni, na lenzi yake haitoki. Zimechaguliwa kwa sababu kila moja ni mfano mzuri wa jamii yake. 300D ilizileta kamera za aina yake chini ya bei ya dola 1,000 za Marekani, na RX100 ilionyesha kwamba kamera ya mfukoni yaweza kubeba kihisi kikubwa kuliko vilivyozoeleka katika kamera za umbo hilo.

Hoja itakayotetewa ni moja: jina la sehemu ya chombo lifuate kazi ya sehemu hiyo, wala si ukubwa wake, umri wake, au mali iliyotumika kuitengeneza. Neno litakalotupa ushahidi mkubwa zaidi ni neno letu la siku nyingi, kioo.

2. Ukubwa na umri

Katika mazungumzo, kamera hizi mbili aghalabu hutofautishwa kwa kuitwa "kamera kubwa" na "kamera ndogo", au "ya zamani" na "ya kisasa". Kwa mizani, maneno haya ni kweli. Mwili wa 300D, bila lenzi wala betri, una uzito wa gramu 560. RX100 pamoja na betri na kadi yake ina gramu 240. Kwa kalenda pia ni kweli, maana miaka tisa imepita kati yao. Lakini maneno hayo yakitumiwa kama istilahi, hayamwambii msomaji lolote juu ya picha atakayoipata.

Tuangalie kihisi, yaani sehemu inayopokea mwanga badala ya filamu. Kihisi cha 300D kina milimita 22.7 kwa 15.1, cha RX100 kina milimita 13.2 kwa 8.8. Kwa eneo, cha kwanza kinakaribia kuwa mara tatu ya cha pili. Kwa idadi ya pikseli, yaani vitone vinavyoijenga picha, mambo yanageuka: 300D ina pikseli milioni 6 na kidogo, ilhali RX100 ina milioni 20. Hivyo "kubwa" ina vitone vichache vilivyo vipana, na "ndogo" ina vitone vingi vilivyo vyembamba. Nani basi ameshinda?

Jibu linategemea mwanga. 300D iliuzwa pamoja na lenzi ya milimita 18 hadi 55 ambayo uwazi wake mkubwa kabisa, upande wa picha pana, ni f/3.5. Lenzi ya RX100 upande huo hufikia f/1.8. (Mfasiri akumbuke kuwa namba ndogo hapa ina maana ya uwazi mkubwa.) Kwa muda ule ule wa kupiga picha, RX100 hupokea jumla ya mwanga inayoizidi kidogo ile ya 300D, ingawa kihisi chake ni kidogo. Lakini mpiga picha akivuta mbali hadi mwisho wa lenzi zote mbili, uwazi wa RX100 huwa f/4.9 na wa 300D f/5.6, hapo kihisi kipana hufanya kazi yake, na kamera ya mwaka 2003 hupokea mwanga zaidi ya maradufu. Mpiga picha huyo akiitoa lenzi hiyo na kuiweka nyingine ya f/1.8, hesabu inabadilika tena. RX100 haiwezi kujibu hatua hiyo, kwa sababu lenzi yake haitoki.

Hapa mtumishi wa serikali anayeandika zabuni anahusika moja kwa moja. Akiandika kwamba ofisi yataka "kamera ya dijitali ya kisasa yenye pikseli zisizopungua milioni 18", RX100 inatimiza kila neno. Ikiwa ofisi hiyo ina kabati la lenzi za Canon za mfumo wa EF, ulioanza mwaka 1987, lenzi hizo zitabaki kabatini. Alichokihitaji ni kamera ya kubadili lenzi, naye hakulitaja jambo hilo. Badala yake ametaja umri na idadi, na fedha ya umma imelipia upungufu wa istilahi.

Namba pia huweza kuwa jina la uongo. Kihisi cha RX100 hutangazwa kuwa ni cha "inchi 1". Inchi 1 ni milimita 25.4, wala hakuna upande wa kihisi hicho unaofikia kipimo hicho. Hata mshazari wake ni milimita 16 hivi. Jina hili ni urithi wa mirija iliyotumika katika kamera za televisheni za zamani, ambayo ilitajwa kwa kipenyo chake cha nje, ilhali sehemu ya ndani iliyopokea picha ilikuwa ndogo zaidi. Mrija umeondoka na jina limebaki. Mfasiri anayeandika "kihisi cha inchi 1" hajakosea kufasiri, lakini amempotosha msomaji. Yafaa aandike vipimo kwa milimita.

3. Njia ya mwanga na neno kioo

Tofauti ya msingi kati ya kamera hizi imo katika njia ya mwanga. Ndani ya 300D mwanga hupita katika lenzi, hugonga kioo kilichoinama nyuzi 45, huelekezwa juu, kisha hurudishwa na vioo vingine hadi kwenye tundu la kuchungulia. Mpiga picha huona kile kile ambacho lenzi inakiona, bila umeme kuhusika katika kuona huko. Akibonyeza kitufe, kioo huinuka, pazia la mwanga hufunguka, na mwanga huangukia kihisi. Kwa kitambo hicho tundu huwa giza.

RX100 haina kioo hicho, wala haina tundu la kuchungulia. Mwanga hupita katika lenzi na kuangukia kihisi moja kwa moja. Kihisi hugeuza mwanga kuwa umeme, na picha huonyeshwa nyuma ya kamera katika skrini ya inchi 3. 300D nayo ina skrini nyuma, ya inchi 1.8, lakini hiyo huonyesha picha baada ya kupigwa. Haiwezi kuonyesha mandhari kabla.

Sasa tujaribu kuyaeleza hayo kwa neno kioo peke yake, kama baadhi ya wanaopenda usafi wa lugha wangependa. Lenzi ni kioo, maana imetengenezwa kwa kioo. Sehemu iliyoinama ndani ni kioo, maana ndiyo hasa maana ya kioo cha kujitazamia. Skrini ya nyuma ni kioo, maana leo mtu husema kioo cha simu kimevunjika na kila mtu akamwelewa. Hata kihisi kimefunikwa na kigae chembamba cha kioo. Vioo vinne, na kila kimoja kina tabia yake. Lenzi hupinda mwanga. Kioo cha ndani huuakisi. Skrini hutoa mwanga. Kigae cha kihisi huupitisha. Mwalimu wa sayansi anayewafundisha watoto kutofautisha kupinda na kuakisi atakuwa ameibomoa kwa neno moja nyumba aliyoijenga kwa kipindi kizima.

Hatari yenyewe si ya darasani tu. Tuseme mwongozo wa matumizi umeandikwa: "Futa kioo kwa kitambaa laini." Mwenye RX100 atafuta skrini, au atafuta lenzi, na akiwa mwangalifu hakuna litakaloharibika. Mwenye 300D anaweza kuitoa lenzi, akakiona kioo kinachong'aa ndani, na kukifuta hicho. Kioo hicho si kama cha ukutani. Tabaka linaloakisi limepakwa juu ya uso wake wa mbele, bila kinga, nalo huchubuka upesi. Sentensi fupi, sahihi kabisa kisarufi, imeharibu chombo. Kosa si la msomaji, bali ni la aliyeandika kioo bila kusema kipi.

4. "Kamera isiyo na kioo"

Mwaka 2008 kampuni ya Panasonic ilitoa Lumix G1, kamera ambayo lenzi yake hubadilishwa kama ya 300D, lakini ndani haina kioo cha kuakisi. Tangu hapo jamii hii ya tatu imeenea sana, nayo katika lugha ya biashara ya kimataifa imepewa jina linalotaja kukosekana kwa kioo. Mfasiri wa neno kwa neno atapata "kamera isiyo na kioo".

Msomaji wa Kiswahili atalielewaje jina hilo? Anaweza kudhani kamera haina lenzi, jambo lisilowezekana. Anaweza kudhani haina skrini, ilhali bila skrini au tundu la umeme kamera hiyo haionyeshi kitu. Na akifikia maana iliyokusudiwa, atauliza kwa haki: je, RX100 nayo si kamera isiyo na kioo? Ni kweli haina, lakini haimo katika jamii hiyo. Jina linalotaja kisichokuwepo hueleweka kwa watu waliokuwa na kitu hicho na kukizoea. Kwa mwanafunzi asiyepata kushika kamera yenye kioo cha kuakisi, ni jina tupu.

5. Pingamizi mbili

Itasemwa, kwanza, kwamba muktadha hutatua utata, na kwamba Kiswahili kina maneno mengi yenye maana zaidi ya moja bila watu kupotea. Hilo ni kweli katika mazungumzo. Mtu akisema "nipe kioo" akiwa na kitana mkononi, hakuna atakayemletea kipande cha dirisha. Lakini mwongozo, zabuni na kitabu cha kiada husomwa mbali na mwandishi wake, na katika kamera maana zote nne zimo ndani ya muktadha mmoja. Muktadha hauwezi kutenganisha vitu ambavyo wenyewe umevikusanya.

Itasemwa, pili, kwamba kukubali lenzi na skrini ni kuongeza maneno ya kukopa mahali ambapo Kiswahili kina neno lake. Pingamizi hili lina uzito, na mchunguzi wa istilahi hana budi kuliheshimu. Lakini kukopa hupimwa kwa faida yake. Lenzi imekwisha kukaa katika lugha, wala haiondoi neno lolote. Inaipunguzia kioo mzigo mmoja. Skrini vivyo hivyo. Baada ya hayo neno kioo halipotei, bali hubaki na maana yake ya asili iliyo wazi kuliko zote, ya kitu kinachorudisha sura. Ukopaji wa namna hii hulilinda neno la wenyeji.

Wengine wamependelea kuunda neno kiakisi kutokana na kuakisi. Uundaji wake ni mzuri, lakini wapiga picha wana chombo kingine kinachostahili jina hilo, nacho ni ule ubao au kitambaa cheupe kinachorudisha mwanga usoni mwa anayepigwa picha. Tukilitumia neno hilo kwa kioo cha ndani, tutakuwa tumehamisha utata badala ya kuuondoa.

6. Mapendekezo

Kutokana na ulinganisho huu, yanapendekezwa yafuatayo kwa maandishi rasmi:

(a) Neno lenzi litumike kwa sehemu inayopinda mwanga, na neno skrini kwa sehemu inayoonyesha picha kwa umeme. Neno kioo lisitumike kwa sehemu hizo.

(b) Kioo cha kuakisi kiwe jina la sehemu iliyoinama ndani ya kamera kama 300D. Kikitajwa mara ya kwanza kitajwe kikamilifu. Baadaye neno kioo peke yake litatosha.

(c) Jamii tatu za kamera ziitwe kamera ya kioo cha kuakisi, kamera ya skrini ya kubadili lenzi, na kamera ya mfukoni. Jina la mwisho halitaji kazi ya sehemu yoyote, lakini linataja matumizi ya chombo kizima, nalo halimdanganyi mtu.

(d) Kubwa, ndogo, ya zamani na ya kisasa yabaki kuwa sifa. Yasiwe majina ya aina.

Majina ya (c) ni marefu, na urefu ni upungufu wa haki kulaumiwa. Mfasiri au mwalimu mwenye jina fupi zaidi, linalotenganisha jamii hizi tatu kwa usahihi ule ule, anaombwa aliandikie Baraza ili lijadiliwe kabla orodha ya istilahi haijapitishwa. Kipimo kitakuwa kile kile: lishike sentensi ya mwongozo wa matumizi, na msomaji aliye peke yake ajue ni kipi cha kufuta na kipi cha kuacha.