Gigahezi 4.6 za Ryzen 9 3900X: Zilivyotafutwa na Zilivyothibitishwa

Prosesa ya Ryzen 9 3900X iliingia sokoni tarehe 7 Julai 2019 ikiwa na viini 12, kasi ya msingi ya gigahezi 3.8 na kasi ya juu ya gigahezi 4.6. Namba hiyo ya pili si kasi ya kudumu. Ni kilele ambacho kiini kimoja hukifikia kwa muda mfupi wakati kazi ni nyepesi, joto liko chini na umeme unatosha. Anayeamua ni prosesa yenyewe, mara nyingi ndani ya kila sekunde. Kazi ambayo zamani mtu aliifanya kwa mkono katika BIOS, akiongeza kizidishi na volti hatua kwa hatua, imehamia ndani ya silikoni. Kwa hiyo wanunuzi walipoanza kuona 4.5 au 4.55 pale walipotarajia 4.6, haikuwa rahisi kusema kasoro iko wapi. Huenda kilele hakikufikiwa kabisa. Huenda pia kilifikiwa kikapita bila kuonekana.

Programu za uangalizi kama CPU-Z na HWiNFO hupata kasi kwa hesabu. Husoma kizidishi katika rejista za prosesa na kukizidisha kwa saa ya msingi, ambayo kwa kawaida ni megahezi 100. Kizidishi cha 46 hutoa megahezi 4,600. Katika familia ya Zen 2, ambamo 3900X imo, kizidishi hupanda kwa robo, yaani megahezi 25 kwa kila hatua. Hapo tayari pana mianya miwili. Mbao mama nyingi huyumbisha saa ya msingi kidogo kwa makusudi ili kupunguza mawimbi ya redio yanayovuja kutoka kwenye kompyuta, hivyo saa ikasomeka 99.8, na 4,600 ikawa 4,591 bila prosesa kuwa na kasoro yoyote.

Mwanya wa pili ni muda, nao ni mkubwa zaidi. Kwa toleo la Windows 10 la Mei 2019, Zen 2 iliweza kubadili kasi ndani ya milisekunde 1 hadi 2, ilhali HWiNFO, mipangilio yake isipoguswa, husoma mara moja kila sekunde 2. Kati ya usomaji mmoja na unaofuata prosesa inaweza kupanda na kushuka mamia ya mara. Kuufupisha muda huo hadi nusu sekunde husaidia, lakini kila usomaji huviamsha viini vilivyolala, na kipimo kinaanza kubadilisha kile kinachopimwa. Katika wiki za kwanza watumiaji wengi waliona volti zikipita 1.4 kompyuta ikiwa haina kazi yoyote, na sehemu ya sababu ilikuwa programu ya uangalizi yenyewe.

Isitoshe, kasi iliyosomwa sawasawa inaweza isiwe kasi iliyofanya kazi. Zen 2 ina kinga: volti ikipungua mno, mapigo ya saa ya kiini hurefushwa ili mahesabu yasiharibike, huku kizidishi katika rejista kikibaki palepale. Mtu aliyepunguza volti akitafuta ubaridi huona gigahezi zilezile kwenye kioo, kumbe kazi inayofanyika imepungua. Prosesa za x86, zikiwemo za Ryzen, zina kaunta mbili zinazofichua jambo hili, APERF na MPERF. Ya kwanza huhesabu mizunguko ambayo kiini kimeifanya kweli. Ya pili huhesabu kwa kasi isiyobadilika. Uwiano wa kaunta hizo katika kipindi fulani, ukizidishwa kwa kasi hiyo isiyobadilika, hutoa wastani wa kasi ya kiini kilipokuwa macho. HWiNFO baadaye iliongeza usomaji wa kasi halisi unaotokana na kuhesabu mizunguko kwa namna hii, na ndio unaostahili kuaminiwa kuliko kizidishi.

Ushahidi ulio huru kabisa na rejista ni kazi yenyewe. Katika Zen 2, kujumlisha namba mbili nzima huchukua mzunguko mmoja. Ukiandikwa mnyororo wa majumlisho ambamo kila moja linasubiri jibu la lililotangulia, prosesa haiwezi kuyafanya mawili kwa pamoja, na idadi ya majumlisho kwa sekunde huwa ndiyo kasi ya kiini. Majumlisho bilioni 10 kwa gigahezi 4.6 huchukua sekunde 2.174, kwa 4.55 huchukua 2.198. Tofauti ya milisekunde 24 ni ndogo kwa jicho la mtu, lakini kompyuta huipima bila taabu. Cinebench, ambayo huchora picha na kutoa alama, hufuata kasi kwa ukaribu inapotumia kiini kimoja, ingawa alama zake hupanda na kushuka kidogo kati ya jaribio moja na jingine.

Viini vyote vikifanya kazi, mambo hubadilika. Ryzen 9 3900X imewekewa kikomo cha wati 142 kwenye soketi, na viini 12 vikishughulika pamoja umeme huo huisha mapema, kasi ikabaki mbali chini ya 4.6. Aliyepima kwa viini vyote alikuwa anapima kikomo cha umeme, si kilele kilichoandikwa kwenye boksi. Mabishano mengi ya majira yale yalitokana na kuchanganya vipimo hivi viwili.

Kipimo chochote cha muda kinategemea saa inayopima. Mwezi Agosti 2013 HWBOT, wanaotunza rekodi za wapandishaji kasi, walikataa matokeo yaliyopatikana kwenye Windows 8. Iligundulika kwamba katika kompyuta za Intel, saa ya msingi ikibadilishwa baada ya mfumo kuwaka, saa ya Windows nayo ilipotoka. Aliyeishusha saa ya msingi alifanya sekunde za mfumo ziwe ndefu, na programu ikamtolea alama za juu kuliko kazi aliyoifanya. Tangu hapo majaribio makini yanalinganisha saa ya mfumo na saa nyingine isiyofungamana na prosesa, kama ile inayoitwa HPET, kabla ya kukubali alama.

Mjerumani Roman Hartung, anayejulikana kwa jina la der8auer, aliamua kupima kwa wingi. Mwanzoni mwa Septemba 2019 alitoa matokeo ya uchunguzi wa takriban watumiaji 2,700 waliofuata maelekezo yaleyale: Cinebench R15 kwa kiini kimoja, kasi ya juu isomwe katika HWiNFO, na nyongeza za kupandisha kasi kupita mipaka ya kiwanda zizimwe. Kwa Ryzen 5 3600, karibu nusu walifikia kasi iliyoahidiwa ya 4.2. Kwa 3900X walikuwa asilimia 5.6 tu. Uchunguzi huu una udhaifu: waliojibu walijichagua wenyewe, mwenye malalamiko ana hamu zaidi ya kujibu, na vipozeo pamoja na mbao mama zilitofautiana. Hata hivyo, upendeleo wa namna hiyo hautoshi kueleza pengo kubwa kiasi hicho, wala tofauti kati ya aina mbili zilizopimwa kwa njia moja.

AMD, mtengenezaji wa Ryzen, ilikiri tarehe 3 Septemba kwamba kulikuwa na hitilafu katika programu dhibiti iliyopunguza kasi ya juu katika hali fulani, na siku saba baadaye ikaeleza tiba yake. Tiba hiyo ilikuwa ndani ya AGESA, kifurushi cha msimbo ambacho AMD huwapa watengenezaji wa mbao mama, nao hukiingiza katika BIOS zao. Toleo jipya liliitwa 1.0.0.3ABBA. AMD ilisema lingeongeza megahezi 25 hadi 50 kutegemea kazi, na pia lingepuuza usumbufu mdogo wa programu za nyuma ili volti zitulie kompyuta isipokuwa na kazi.

Megahezi 50 katika 4,600 ni zaidi kidogo ya asilimia 1, na 25 ni nusu yake. Mabadiliko madogo hivyo humezwa kwa urahisi na makosa ya mpimaji. Kuweka BIOS mpya mara nyingi hurudisha mipangilio yote mwanzo: RAM iliyokuwa ikienda 3600 huanguka hadi 2133 au karibu na hapo, na baadhi ya alama hushuka kwa kiasi kinachozidi faida iliyotafutwa. Hivyo RAM, kipozeo, mpangilio wa umeme wa Windows na joto la chumba lazima virejeshwe kama vilivyokuwa, jaribio la kiini kimoja lirudiwe mara kadhaa kwa kila toleo, na matokeo ya kati ndiyo yalinganishwe. Ubao mama unaoruhusu kurudi toleo la zamani hutoa uthibitisho ulio imara zaidi: faida ikitoweka toleo la zamani linaporudi, kisha ikaonekana tena pamoja na jipya, chanzo chake ni programu dhibiti.

Masasisho hayakuwafikia wote kwa pamoja. ASUS, MSI, Gigabyte na ASRock kila mmoja alikuwa na ratiba yake, na jina la toleo la BIOS halikufanana na la AGESA lililomo ndani. Kabla ya kupima, ilibidi kusoma namba ya AGESA yenyewe kwenye kurasa za BIOS au katika HWiNFO, kwa kuwa mbao mbili za kampuni moja zilizosasishwa wiki moja zingeweza kubeba matoleo tofauti.