Friji Liko Ng'ambo: Kijerumani cha Vyombo Vibovu Kinavyogeuzwa Kiingereza

Katika Kijerumani cha nyumbani, chombo kibovu huwa mahali fulani. Tosta liko "im Eimer", yaani ndooni. Friji liko "hinüber", ng'ambo. Boila iko "am Ende", mwishoni. Hakuna aliyelitia tosta ndooni, na friji halijasogea hata inchi moja kutoka ukutani. Ni namna tu ya kusema kwamba chombo hakifai tena. Mfasiri anayeipeleka misemo hii katika Kiingereza anakuta lugha yenye mazoea mengine, kwani Mwingereza hupenda kusema chombo kimefanya nini: "it's packed up", kimefungasha virago, "it's conked out", kimezimika, "it's given up the ghost", kimekata roho.

Hapo ndipo kazi ilipo. Jean-Paul Vinay na Jean Darbelnet, waliochapisha mwaka 1958 kitabu chao cha kulinganisha Kifaransa na Kiingereza, waliyapa mageuzi ya aina hii majina ambayo bado yanafundishwa: kuna kubadili aina ya neno, na kuna kubadili upande wa kulitazama jambo. Katika vyombo vibovu yote mawili hutokea kwa mkupuo mmoja. Kielezi cha Kijerumani kinakuwa kitenzi cha Kiingereza, na mahali panakuwa tukio. Mswahili hapati shida kulielewa hili, maana -me- inabeba pande zote mbili: ukisema redio imekufa, umeeleza kilichotokea na hali iliyopo sasa hivi.

Chukua sentensi ambayo jirani yeyote wa Kijerumani angeweza kuitoa ngazini: "Unsere Waschmaschine pfeift seit Weihnachten auf dem letzten Loch, und jetzt ist sie endgültig hinüber." Neno kwa neno: mashine yetu ya kufulia inapiga mluzi kwenye tundu la mwisho tangu Krismasi, na sasa iko ng'ambo moja kwa moja. Tundu linalotajwa ni la filimbi. Mpigaji akishafika kwenye tundu la mwisho, hana tena sauti ya juu zaidi ya kutoa.

Kabla ya kutafuta picha ya kuziba pengo la filimbi, mfasiri makini hujiuliza swali la kidaktari: huyu ni mgonjwa au ni maiti? Katika sentensi hii wapo wote wawili. Nusu ya kwanza ni mgonjwa mahututi, nusu ya pili ni marehemu. Anayeandika "broken" mara mbili ameua mgonjwa kabla ya wakati wake na kuiacha "endgültig" bila kazi. Kwa mahututi Kiingereza kina "on its last legs", miguu yake ya mwisho. Ila miguu haipigi mluzi, na hapa mluzi si wa bure: beringi za pipa zikiisha, mashine ya kufulia hulia kweli inapokamua nguo. Jirani yule huenda anatumia msemo na kueleza anachokisikia usiku kwa pamoja. Basi sauti irudishwe kwa mlango mwingine, kwa kitenzi cha kuhema kama mwenye pumu: "has been wheezing along on its last legs since Christmas".

Nyakati nazo zina mtego. Mjerumani anasema "inapiga tangu Krismasi" kwa wakati uliopo, sawa kabisa na Mswahili. Kiingereza hakikubali hivyo. Kinadai "has been". Wanafunzi wengi huanguka hapa huku macho yao yote yako kwenye filimbi.

Nusu ya pili ni rahisi, ilimradi mfasiri ajue msomaji wake yuko wapi. Uingereza: "and now it's packed up for good." Mmarekani akisoma hivyo atadhani mashine imetiwa kwenye maboksi ili ihame nyumba, kwa hiyo yeye apewe "and now it's finally died". Vivyo hivyo "knackered", neno la Waingereza lililotoka kwa wachinjaji wa farasi waliozeeka. Ng'ambo ya Atlantiki halina wenyewe. Wamarekani nao wana "on the fritz", inayosemwa kwa kifaa kinachoharibika-haribika. Wanaisimu hawajakubaliana juu ya asili yake, lakini Fritz ni jina la Kijerumani, tena Wajerumani wenyewe wamewahi kuitwa hivyo kwa dhihaka. Ukimtilia Mjerumani maneno hayo mdomoni, msomaji atasita na kutafuta utani ambao mwandishi hakuuweka.

Neno linaloonekana jepesi kuliko yote ndilo linaloponza. "Kaputt" liliingia Kijerumani katika karne ya 17 kutoka Kifaransa, kwenye mchezo wa karata, ambako aliyemaliza bila kula hata mara moja aliitwa "capot". Baadaye Waingereza wakalichukua kwa Wajerumani na kuliandika "kaput". Tatizo ni kwamba halikuhama na uzito wake. Kwa Mjerumani ni neno la kila siku lisilo na mbwembwe: mtoto hulisema kwa mwanasesere, fundi hulisema kwa swichi. Kwa Mwingereza lina kicheko ndani yake na lafudhi ya kuigiza. Kwa hiyo "kaputt" tafsiri yake ya kawaida ni "broken", na "kaput" ibaki kwa mahali ambapo Mjerumani mwenyewe anatania.

Kupima kicheko na ukali, mfasiri ana msaada wa kamusi ya Duden, ambayo hubandika alama kwenye misemo: wa mazungumzo, wa kihuni kidogo, mkali. "Hinüber" ni wa mazungumzo tu, unaweza kuusema mbele ya mama mkwe. "Im Eimer" umelegea zaidi. Upo na mwingine unaotaja makalio, nao umewekwa kwenye kundi la lugha chafu. Mwingereza ana wake wa kiwango hichohicho, ambao gazeti hili haliuchapi. Kosa la kawaida ni kupunguza makali kwa kuona haya. Mhusika aliyepandwa na hasira mbele ya jiko la umeme anatoka kwenye tafsiri akiongea kama karani wa bima.

Kuna pia vifaa ambavyo havijafa, vinasumbua tu. "Der Drucker streikt", printa imegoma. Mswahili ameshaelewa, kwani gari lake nalo hugoma kuwaka. Kiingereza kinaweza kuibeba picha hiyo ya mgomo, lakini mtu wa kawaida Uingereza angesema "it's playing up", na Marekani "it's acting up". Hapa kupoteza picha si hasara.

Vishawishi navyo vipo. Tosta likiharibika, Kiingereza kinamletea mfasiri zawadi mkononi: "the toaster is toast". Inachekesha, na ndiyo maana ni ya kukataliwa. Kijerumani hakikuchekesha mahali pale. Utani wa ziada unaruhusiwa pale tu ambapo mwingine umepotea karibu na hapo na unahitaji kulipwa.

Mfano wa malipo halali ni mto Wupper. Katika Kijerumani, kilichokufa huweza kuwa kimevuka Jordani, "über den Jordan", au, kwa watu wa magharibi ya nchi, kimevuka Wupper, "über die Wupper". Mto huo unapita Wuppertal, mji wenye reli maarufu inayoning'inia juu ya maji tangu 1901. Mji huohuo ndio makao ya Vorwerk, kampuni iliyoanza kuuza vifyonza vumbi vya Kobold mwaka 1930. Sasa Mjerumani akisema kwamba Kobold yake ya zamani "ist über die Wupper", anayeijua jiografia anacheka: kifaa kimekufa, na pia kimerudi kwao. Msomaji wa Kiingereza haujui mto huo, na kuueleza ni kuuzika utani. Lakini Kiingereza kina "it's gone to meet its maker", kimekwenda kuonana na aliyekiumba, na neno hilohilo "maker" ni mtengenezaji wa kiwandani. Mto umetoweka, kicheko kimebaki, na maana zote mbili zimefika.

Kifyonza vumbi kikiwa cha Miele, kampuni ya Gütersloh, mto haukipeleki kwao. Hapo "it's had it" inatosha.