Mashini, karatasi na shahidi

Siku hizi wengi waliosoma wanasema ya kuwa dawa ya wizi wa kura imepatikana. Inaitwa blokicheni: ni daftari moja linaloandikwa katika ordinatera nyingi pamoja, na kila ukurasa umefungwa na ule uliotangulia. Mtu akifuta neno moja, wengine wote wenye daftari wanamtambua. Basi, wanasema, tuandike kura humo.

Wataalamu wane wa Marekani, Sunoo Park, Michael Specter, Neha Narula na Ronald Rivest, walipima shauri hilo katika andiko walilolitoa mwaka 2021. Hukumu yao ni kali: kuchagua kwa njia ya intaneti ni hatari, na blokicheni inazidisha hatari. Tunaona wamesema kweli.

Sababu ya kwanza: daftari linachunga maneno yaliyoandikwa, lakini halijui kama ni ya kweli. Simu ikiingiliwa na programu mbaya, mchaguzi anagusa jina la Petro, simu inatuma la Paulo, na daftari linachunga uwongo huo daima. Mwaka 2018 jimbo la West Virginia lilijaribu programu ya Voatz, yenye blokicheni, kwa askari walio inje ya inchi. Mwaka 2020 Specter na wenzake walionyesha ya kuwa mwovu angeweza kugeuza kura ndani ya simu yenyewe.

Ya pili: kura ni siri. Mtu akiweza kumhakikishia mwingine namna alivyochagua, tajiri atainunua kura yake, na mkubwa atamtisha.

Ya tatu, nayo ni kubwa: kosa la mashini lisiweze kamwe kugeuza matokeo pasipo kujulikana. Kwa hiyo wanashika karatasi, ambayo watu wa kawaida wanaweza kuihesabu kwa macho.

Hapa tunaongeza neno letu, maana karatasi nayo haijisemei. Kwetu Kongo, tarehe 30 Desemba 2018, mashini iliandika karatasi, na mchaguzi akaitia katika sanduku. Hata hivyo CENI haikutangaza matokeo ya kila biro. Januari 2019 CENCO, iliyotuma wachunguzi karibu 40,000, ilisema ya kuwa matokeo yaliyotangazwa hayapatani na yale waliyoyakusanya. Karatasi zilikuwako, watu wote hawakuonyeshwa hesabu zake.

Wandugu, amri ya nane inamhusu mtu, si mashini. Makatekista wetu wataombwa tena kuwa wachunguzi. Tuwafundishe mapema kusoma PV iliyobandikwa kwenye biro, kunakili kila tarakimu, kutia sahihi juu ya yale waliyoyaona tu, na kukataa pesa. Wakubwa wakitaka kesho kuziandika PV hizo katika blokicheni ili kila raia azisome, hatutakataa: hapo daftari litachunga jambo lililokwisha kuonwa na mashahidi. Lakini shahidi mwaminifu apashwa kutangulia.