Unaikala wapi? Kwenu wapi?

Mu Lubumbashi, wakati watu wawili wanakutana mara ya kwanza, kuko maulizo mawili ambayo hayakosekani. La kwanza: «Unaikala wapi?» La pili linafuata mbio: «Kwenu wapi?» Mtu anajibu: «Mi naikala Katuba», kisha anataja kijiji fulani cha Kasai, ao cha upande wa Kasenga, ao cha Kamina. Mara nyingi kijiji kile hajakiona hata siku moja. Tunataka kuyaangalia maneno haya, maana tunaona tunayatumia vibaya, na ubaya huo unapita mambo ya sarufi.

Tuanze na kuikala. Walimu wengi wanalikata kwa wino mwekundu na kuandika juu yake kuishi. Wanasema ni Kiswahili cha barabarani. Lakini neno hili lina wazazi. Waluba wanasema kwikala, Wabemba wanasema ukwikala: kuketi, kubakia, kuwa na makao. Watu waliokuja kufanya kazi mu machimbo ya Union Minière na mu muji uliozaliwa mwaka wa 1910 walikuja na maneno ya mama zao, na Kiswahili kikayapokea. Kuishi nalo limetoka kwa Waarabu, na hakuna mwalimu anayelifukuza juu ya asili yake.

Tena kuishi halijazi nafasi ya kuikala. Kuishi ni kuwa na uzima. Mkimbizi chini ya hema anaishi, lakini muulize kama anaikala pale, atatikisa kichwa. Na kwetu kuikala ni pia kuwa: «Huyu mutoto anapenda kuikala mwalimu.» Lugha yenyewe imeona kwamba pahali mtu anapoketi siku nyingi panamfanya kuwa mtu wa namna fulani.

Sasa kwenu. Kwa wazee lilikuwa ulizo la kutafuta undugu: pengine tunatoka mto mmoja, pengine tuko watani, basi lete kiti. Lakini wakati wa ukoloni watu weusi waliwekwa mu makambi ya makampuni, ao mu mitaa iliyoitwa «centre extra-coutumier», ni kusema nje ya desturi. Nyumba ya kambi ilifuata kazi. Kazi ikiisha, toka. Muji ulikuwa pa kuikala, kijiji tu ndicho kilihesabiwa kuwa kwenu. Wakoloni walienda mwaka wa 1960, lakini mawazo yao yalibaki mu vinywa vyetu. Hata leo karatasi za serikali zinapouliza asili, zinataka kijiji cha baba.

Tulilipa bei ya mawazo hayo. Mu 1992 na 1993, wakati jimbo letu liliitwa Shaba, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa mu nyumba zao, wakaitwa «bilulu», ni kusema wadudu. Wengi walilala na watoto ku gare ya Likasi wakingojea treni ya kuwapeleka «kwao». Kati yao kulikuwa waliozaliwa huku, na wazazi wao vilevile. Walikufa wengi, ku gare na mu njia. Ulizo la undugu lilikuwa limegeuka hukumu.

Wengine watatuambia: «Mgeni ni mgeni tu.» Lakini mezali inasema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hakuna mezali inayojua mgeni wa miaka 60. Mtu aliyepewa jembe analima pamoja na wengine, na pahali alipolima pana jina lake. Sheria nayo inakubali: Katiba ya 2006, kifungu cha 30, inampa kila mtu aliye mu inchi haki ya kuchagua pa kuikala.

Hatusemi tuache kuuliza «kwenu wapi?» Ni ulizo zuri kama linafuatwa na kiti. Tunaomba walimu waache kukata kuikala, na wazazi wafundishe watoto kujibu bila haya. Mutoto aliyezaliwa Katuba, akiulizwa kwao ni wapi, aseme: «Kwetu Katuba.» Kisha aongeze kijiji cha babu yake, sababu hicho nacho ni chake.